Kĩĩnyaa: Asili na Maana ya Jina "Kenya" kwa Ushahidi wa Kikamba

Limezoeleka dai kwamba jina "Kenya" ni zao la kosa la Mzungu. Husemwa kuwa mmisionari wa Kijerumani alilisikia neno la Kikuyu "Kĩrĩnyaga", ulimi wake ukamshinda, naye akaliandika kwa kadiri alivyoweza. Dai hili si dogo. Likikubaliwa, itabidi pia kukubali kwamba jina la taifa zima halina lugha iliyolizaa, na kwamba kinachotamkwa kila siku na mamilioni ya watu ni mwangwi tu wa sikio lisilosikia vyema. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa ushahidi wa lugha hauliungi mkono dai hilo. Jina "Kenya" lina mzazi anayejulikana, nacho ni Kikamba. Lilisikiwa Kitui mwaka 1849 likiwa katika umbo lake halali. Na sauti zinazosemekana kupotezwa na mgeni zilikuwa zimekwisha kupotea katika Kikamba chenyewe kabla hajatia mguu huko.

Inafaa kwanza kueleza namna jina lilivyofika katika maandishi.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 karibu na mji wa Tübingen, akafika Mombasa mwaka 1844, na kuanzia mwaka 1846 alikuwa na kituo huko Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Mwezi wa Novemba 1849 alifunga safari ya kwenda bara. Alipitia upande wa Taita, akavuka nchi ya Kikumbulyu, ambayo ni sehemu za Kibwezi katika Makueni ya leo, akaipita Yata, hata akawasili Kitui kwa Kivoi. Kivoi alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilikuwa ikifika pwani. Yeye ndiye aliyemsimulia mgeni wake habari za mlima mweupe ulioko upande wa magharibi ya kaskazini, akimwambia kuwa waweza kuonekana kutoka kilima kilicho jirani endapo mbingu zi safi. Zilikuwa siku za mvua, na mawingu yaliuficha mlima. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka, na Krapf akauona: vilele viwili kama pembe juu ya umbo kubwa lililofunikwa na kitu cheupe.

Mpangilio huu wa matukio una maana kubwa kwa mjadala wetu. Jina lilitangulia, mlima ukafuata. Krapf hakunyoosha kidole na kuuliza "kile ni nini?" mbele ya mpita njia asiyeelewa swali. Alikuwa mgeni nyumbani kwa mtu aliyeujua mlima, wakizungumza kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ile hadithi isimuliwayo kwamba mgeni aliuliza jina la mlima akatajiwa jina la kibuyu inaweza kuwekwa kando bila majonzi. Hata kwa upande wa sauti haikai sawa, kwa kuwa neno la Kikuyu kwa kibuyu, "kĩnya", halina irabu ndefu ya mwisho ambayo Kikamba huiweka katika jina la mlima.

Tena Krapf hakuwa msafiri wa kubahatisha maneno. Mwaka 1850 ilichapwa huko Tübingen orodha yake ya maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kikamba kikiwamo, na mwaka huo huo ikachapwa Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba. Tafsiri hiyo ina upungufu wake, na mtu anayeisoma leo hukwama mara nyingi. Lakini ni vigumu kushikilia kuwa mtu aliyeweza kuandika Injili nzima kwa lugha fulani hakuweza kusikia neno moja katika lugha hiyo hiyo.

Katika maandishi yake jina linajitokeza kwa tahajia zaidi ya moja: Kenia, Kegnia, Kirenia, na pia Ndurkenia. Wingi huu wa tahajia ndio uliowafanya wengi kumshuku. Mtazamo wa makala haya ni kinyume: wingi huo ndio ushahidi bora tulio nao. Herufi "gn" katika Kegnia haina haja ya kutushtua, maana huko Ulaya zipo lugha zinazoandika sauti "ny" namna hiyo, na msomi wa zama zile angeitumia pale alipotaka kuzuia n na y zisitenganishwe. Kenia na Kegnia, basi, ni umbo moja. Kirenia ni jambo jingine. Umbo hilo Krapf alilipata kwa mtu aliyetoka Embu, ambaye alimkuta kule kwa Kivoi. Hilo litazamwe kwa makini, maana ndani yake kuna r ambayo haimo katika Kenia, wala haina g iliyomo katika Kĩrĩnyaga.

Konsonanti zilizopotea

Kikuyu, Kiembu, Kimeru, Kitharaka na Kikamba ni ndugu wa karibu. Guthrie aliziweka pamoja katika kundi moja, E.50, akikipa Kikamba namba E.55. Lugha zilizo karibu hivi hutofautiana kwa utaratibu, wala si ovyo ovyo, na utaratibu mmoja ulio wazi kabisa kati ya Kikuyu na Kikamba ni huu: mahali ambapo Kikuyu kina r au g kati ya irabu, mara nyingi Kikamba hakina kitu. Mifano ifuatayo imewekwa pamoja na Kiswahili ili msomaji aweze kulinganisha.

Kikuyu njĩra, Kikamba nzĩa, Kiswahili njia.
Kikuyu mbura, Kikamba mbua, Kiswahili mvua.
Kikuyu makara, Kikamba makaa, Kiswahili makaa.
Kikuyu kĩrĩma, Kikamba kĩĩma, Kiswahili kilima.
Kikuyu kũrĩma, Kikamba kũĩma, Kiswahili kulima.
Kikuyu mbogo; Kikamba mboo; Kiswahili mbogo.
Kikuyu mũgunda, Kikamba mũũnda, Kiswahili mgunda.

(Neno mgunda limeachwa sana katika Kiswahili cha leo, ambacho husema shamba, ila limebaki katika kamusi na katika jina la Mgunda Mkali, lile pori kavu la Tanzania ya kati lililokuwa likiwatesa wapagazi wa misafara.)

Mifano mitatu ya kwanza inaonyesha kuwa Kiswahili nacho kimeangusha konsonanti ile ile, na hakuna anayesema kuwa "njia" ni kosa la mgeni aliyeshindwa kutamka "njĩra". Hapa Kikamba kimekwenda mbali zaidi tu. Kimeangusha l au r ya kale hata pale Kiswahili kilipoihifadhi, kama katika kilima na kulima, na kimeangusha g ambayo Kiswahili kimeishika, kama katika mbogo.

Mfano wa mbogo una alama yake katika ramani. Milima ya Mbooni iko Makueni, na jina lake huelezwa kuwa ni mahali pa mbogo: mboo pamoja na kiambishi tamati -ni cha mahali, ambacho Kikamba hukitumia kama Kiswahili kinavyokitumia. Mtu wa pwani akisikia Mbooni hatambui mbogo aliyefichwa ndani yake. Akiielewa kanuni ya g, mbogo anajitokeza mara moja. Ndovu naye yuko hivyo hivyo: Wakikuyu humwita njogu, Wakamba nzou.

Kwa ajili ya haki lazima isemwe kuwa kanuni ya r haina unyoofu kama ile ya g. Mara nyingine r ya Kikuyu hujibiwa na l katika Kikamba. Kitenzi cha kukataa ni kũrega kwa Kikuyu na kũlea kwa Kikamba, ambapo g imetoweka kama ilivyotarajiwa lakini r imeacha l nyuma yake. Neno la "juu" ni igũrũ kwa Kikuyu na ĩũlũ kwa Kikamba. Mazingira yanayoamua lini konsonanti ifutike na lini ibaki kama l yanastahili uchunguzi wa peke yake, hasa kwa kulinganisha lahaja ya Kitui na zile za Machakos na Makueni. Hata hivyo kwa jina letu mfano ulio karibu kuliko yote ni kĩrĩma na kĩĩma, maana una kiambishi kile kile kĩ-, ukifuatwa na silabi ile ile -rĩ-. Kama kĩrĩma imezaa kĩĩma, basi Kĩrĩ- ya mwanzo wa Kĩrĩnyaga haina budi kuwa Kĩĩ-. Na kama mbogo ni mboo, basi nyaga ni nyaa.

Tokeo lake ni Kĩĩnyaa. Hilo ndilo jina ambalo Mkamba huuita mlima huo, na halikuhitaji Mjerumani kulitunga.

Sasa turudi kwa Kirenia ya yule mtu wa Embu. Kiembu hushika r lakini huiachia g, na mlima huo Waembu huuita Kirinyaa. Tukizipanga lugha tatu, tunapata Kĩrĩnyaga yenye konsonanti zote mbili, kisha Kirinyaa iliyobaki na moja, kisha Kĩĩnyaa isiyo na hata moja. Krapf hakufika Ukikuyu. Umbo la kwanza hakulikuta njiani, lakini mawili ya mwisho aliyasikia katika safari moja, kutoka vinywa viwili tofauti, naye akaandika kila moja lilivyosemwa. Mtu aliyekuwa akipotosha kwa kutojua asingeweza kupotosha kwa kufuata mipaka ya lahaja.

Irabu na urefu wake

Yapo lakini mambo ambayo tahajia ya Krapf ilipoteza, na haifai kuyafunika.

Kikamba kina irabu saba. Pamoja na zile tano zinazofahamika katika Kiswahili, ziko mbili ambazo leo huandikwa ĩ na ũ, na ya kwanza kati ya hizo hutamkwa mahali palipo kati ya i na e. Alama hizo hazikuwapo mwaka 1849. Mwandishi aliyekuwa na herufi i na e pekee alilazimika kuchagua, na Krapf alichagua e alipoandika Kenia, na i alipoandika Kirenia. Si kuyumba, ni sikio linalojaribu kuweka sauti ya tatu katika vyumba viwili. Waandishi wengine wa baadaye, Jomo Kenyatta akiwa miongoni mwao, walifanya vivyo hivyo, kwa kuwa katika kitabu chake cha mwaka 1938 jina la mlima limeandikwa Kere-Nyaga, kwa e mbili. Hakuna aliyemshtaki Kenyatta kuwa hakujua Kikuyu.

Kilichopotea ni urefu. Kĩĩnyaa ina irabu ndefu mwanzoni na irabu ndefu mwishoni, nao urefu huo ndio kaburi la konsonanti zilizokufa: kĩĩ ni ndefu kwa sababu r iliondoka, nyaa ni ndefu kwa sababu g iliondoka. Kuandika Kenia ni kuzifupisha zote mbili na hivyo kufuta alama za kaburi. Hapa ndipo penye ukweli kidogo katika dai la upotofu. Msomaji asiyejua Kikamba akiliona neno Kenia hana njia ya kujua kuwa hapo zamani palikuwa na sauti nyingine.

Maana ya nyaa

Juu ya maana, mabishano ni marefu kuliko juu ya sauti.

Kwa muundo, Kĩrĩnyaga inachanganulika vizuri. Kĩ- ni upatanisho wa ngeli ya kĩrĩma, mlima. Mofimu -rĩ- ni kitenzi cha kuwa, ndugu wa -li- katika "aliye", na katika Kikuyu kikifuatwa na nomino moja kwa moja huonyesha kumiliki: "arĩ hinya" maana yake ni ana nguvu. Kĩrĩnyaga basi ni "kilicho na nyaga", au "chenye nyaga". Katika Kikamba kitenzi hicho kimeyeyuka ndani ya irabu ndefu, na msemaji wa kawaida halioni tena tendo lolote katika jina. Aonacho ni nyaa.

Na nyaa kwa Mkamba ni mbuni, yule ndege mkubwa asiyeruka. Kwa Kikuyu pia nyaga ni mbuni. Maelezo ya wazee wa pande zote mbili yanakutana hapa: mlima umefananishwa na mbuni dume, ambaye mwili wake ni mweusi na ncha za mabawa na mkia wake ni nyeupe, kwa jinsi jabali lake jeusi lilivyotiwa mabaka ya barafu. Mfano huu unaelekea kuwa wa watu wanaouona mlima kwa mbali, kutoka nchi kavu ambako mbuni si mgeni, na Kitui ni mahali pa namna hiyo hasa. (Barafu yenyewe imepungua sana tangu siku za Krapf, na huenda wajukuu wa wasomaji wa leo wakahitaji kuelezwa mbuni huyu alikuwa na manyoya meupe wapi.)

Maelezo ya pili yamepewa nguvu na Kenyatta, aliyelitafsiri jina hilo kuwa mlima wa mng'aro, akilihusisha na Mwenenyaga, jina la Mungu kwa Wakikuyu, ambaye huaminika kuwa mlima huo ni makao yake. Katika maelezo haya nyaga si ndege bali ni mwangaza au utukufu. Hoja hii haipuuziki, kwani si rahisi kumwita Mungu "mwenye mbuni". Hata hivyo yafaa kuuliza lipi lilitangulia. Inawezekana kabisa kuwa mlima uliitwa kwanza kwa mfano wa ndege, kisha Mungu akaitwa kwa mlima wake, na baada ya hapo maana ya mng'aro ikaingia katika neno kupitia ibada. Kikamba kinatoa ushahidi wa upande mmoja hapa. Majina ya Mungu yaliyozoeleka kwa Wakamba ni Mulungu, Mumbi na Mwatuangi. Nyaa haimo ndani yake, na pasipo ibada hiyo kilichobaki katika neno ni mbuni peke yake. Lugha iliyochukua jina pamoja na maana yake ya kawaida, bila maana ya kidini, aghalabu imehifadhi tabaka la kale zaidi. Hukumu hii ni ya kupima uzito wa pande mbili, wala haifungi mlango.

Neno katika kinywa cha Mwingereza

Huko Ulaya habari ya theluji karibu na ikweta ilipokewa kwa dhihaka. W. D. Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakupata kufika Afrika ya Mashariki, aliikataa habari ya Krapf na ya Rebmann kwa hoja zilizotegemea sana maneno na majina. Ubishi wa theluji ulikwisha pale wasafiri wengine walipoifikia nchi hiyo, akiwamo Joseph Thomson mwaka 1883. Jina likabaki kama lilivyotoka Kitui: ramani na nyaraka za mwanzo wa ukoloni ziliandika Kenia, kwa i.

Nchi yenyewe haikuitwa hivyo bado. Tangu mwaka 1895 ilikuwa Himaya ya Afrika ya Mashariki, na ni mwaka 1920 tu ilipotangazwa kuwa Koloni la Kenya, ukanda wa pwani ukiitwa Himaya ya Kenya, kwa y. Hivyo jina la mlima, lililopitia kinywa cha Wakamba, likatandazwa juu ya watu wengi ambao hawakuwa wamewahi kuuona mlima huo.

Kwa Kiingereza cha walowezi neno hilo lilitamkwa "Kiinya", kwa i ndefu. Wako wanaodhani kuwa matamshi hayo yalitokana na Kĩĩnyaa yenyewe, na kuwa yalikuwa karibu na asili kuliko ya leo. Chanzo kilicho rahisi zaidi kimo ndani ya Kiingereza. Mwingereza aliyeiona tahajia Kenia aliisoma kama anavyosoma "genius" na "senior", ambamo herufi e hutamkwa kama i ndefu. Kwa bahati tu, usomaji huo ulirudisha urefu wa silabi ya kwanza uliopotezwa na Krapf, lakini ukaharibu irabu yenyewe, kwa sababu ĩ ya Kikamba si i. Matamshi ya "Kenya" kwa e yameshika irabu vizuri na kupoteza urefu. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili ambalo Mkamba angeliita kamili.

Baada ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, matamshi ya e ndiyo yaliyotawala, na yale ya "Kiinya" yamekuwa ya kikale hata kwa Waingereza. Husikika zaidi katika filamu za zamani na kwa wazee waliokulia enzi za ukoloni. Mara nyingi badiliko hilo huhusishwa na jina la rais wa kwanza. Kwa asili lakini "Kenyatta" halina uhusiano na mlima. Hutajwa kuwa limetokana na kinyata, mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa katika miaka ya 1920. Kufanana kwa majina hayo mawili kulimfaa sana mwanasiasa, ila mwanaisimu hana la kufanya nako.

Katika mwaka huo huo wa 1963 iliundwa wilaya mpya kusini mwa mlima, ikapewa jina la Kirinyaga, nayo ni kaunti tangu mwaka 2013. Ramani ya nchi sasa inalibeba neno moja mara mbili: mara moja likiwa na konsonanti zake zote, kama linavyosemwa na Wakikuyu wanaokaa chini ya mlima, na mara nyingine, juu ya nchi yote, likiwa limevuliwa r na g, kama Kivoi alivyolitamka Kitui.